Ufa katika Mbambakofi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kulthum aliingia karakana ya baba yake nyuma ya nyumba. Alichovya kitambaa katika kopo la mafuta ya papa, akavipaka vichwa, zile ncha zilizokatwa, vya mbao mbili za mbambakofi zilizolazwa kivulini. Kisha alimwita mama yake wazigeuze pamoja, maana mbambakofi si mti wa kuinuliwa na mtu mmoja.

Mbao zile zilitoka katika mti ulioangushwa na upepo shambani kwa babu yake, bara. Kulthum aliujua mti wenyewe. Aliwahi kuokota mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu, akazitunga shanga. Kwa mti huo watu wa Lamu hufanya milango, makasha na vyombo vya baharini, kwa kuwa mchwa huushindwa. Lakini ukikaushwa kwa pupa, hupasuka.

"Ubao hupumua kwa vichwa," baba yake, Fundi Abdulwahid, alimwambia siku alipoondoka kwenda Matondoni kutengeneza mashua. "Usipopaka mafuta, unyevu utatoka mbio, na ufa utaingia. Huu ni mlango wa dada yako, Kulthum. Nakuachia amana."

Dada yake, Raihana, alikuwa anakaribia kuolewa. Kwa desturi yao, wazazi walikuwa wamemjengea binti yao nyumba. Ilibaki mlango tu, ubawa wa kulia na ubawa wa kushoto, kila ubawa kwa ubao wake.

Tatizo lilikuwa harufu. Kulthum alisugua mikono kwa sabuni na ndimu, lakini mafuta ya papa hayana adabu.

"Jamani, fungueni madirisha!" Musab alipiga kelele darasani. "Papa kaja kusoma!"

"Mwacheni," Sumeiya alidakia, "leo kavaa mtandio, kesho atavaa mapezi!"

Darasa zima likacheka. Kulthum aliinamisha uso, akahisi masikio yanawaka moto. Kesho yake hakuligusa kopo. Wala siku ya pili yake. Mbao akaendelea kuzigeuza, ili mama yake asishuku.

Haukupita muda, akaona ufa katika kichwa cha ubao mmoja, mwembamba kama unywele. Badala ya kusema, alipaka mafuta haraka, kumbe amechelewa. Ufa ukapanuka hata ukameza ukucha wake. Hapo akachanganya gundi na unga wa mbao, akaujaza, akausugua kwa msasa. Rangi ikaoana vizuri mno. Hata yeye mwenyewe hakuuona tena.

Baba aliporudi, mbao zilikuwa zimekwisha kukauka; alizipapasa, akatabasamu. "Mashallah. Kazi ya mtu mzima hii."

Kulthum alilichukua kopo la mafuta, akaliweka mbali.

Tangu siku hiyo patasi haikupumzika. Maua na majani yalichomoza juu ya mbambakofi, na kila ua lilizidi kumfunga Kulthum mdomo. Mwishowe Fundi Abdulwahid alichonga ndimi, vile vigingi vya juu na chini ambavyo mlango wa Lamu huzungukia. Ulimi mmoja wa chini aliuchonga pale pale palipozibwa, asijue.

Jioni Raihana alikuja kuutazama mlango wake. Alipitisha vidole juu ya nakshi, macho yakamlengalenga, akajaribu kuuinua.

"Baba, mbona mzito hivi?"

"Uzito wote wabebwa na ulimi huu wa chini," baba alisema kwa fahari. "Kesho nautia mlango nyumbani kwako. Wanao watacheza chini yake, na wajukuu wako, inshallah."

Kulthum aliwaona watoto hao ambao hawajazaliwa. Aliuona mlango ukilala juu yao.

"Baba, usiutie!" Sauti ilimtoka kwa nguvu. "Ulimi una ufa. Niliacha kupaka mafuta kwa sababu walinicheka. Kisha nikauziba kwa gundi."

Fundi Abdulwahid alichukua nyundo ya mti, akaugonga ulimi mara moja, wala si kwa nguvu. Ukavunjika, ukaanguka sakafuni.

Alikaa juu ya gogo, akautazama ubao aliouchonga bure.

"Ungesema siku ya kwanza," alisema polepole, "ningekata kichwa cha ubao ufa ukiwa bado mfupi, nikakuonya, yakaisha. Sasa ubao bila ulimi ni mfupi, hautoshi mlango, na dada yako ataolewa bila mlango huu."

Raihana alijifunika uso kwa leso, akatoka bila kuaga. Adhabu hiyo ilimuuma Kulthum kuliko fimbo.

Harusi ilifanyika, na nyumba ikafungwa kwa mlango wa mbao za bei rahisi. Ubao uliovunjika ulimi, baba aliugeuza kifuniko cha kasha la bibi harusi. Kulthum mwenyewe alilipiga msasa mpaka likang'aa. Raihana alilipokea, akalitazama sana, kisha akamvuta mdogo wake kifuani.

Babu alikuwa amebakisha ubao mmoja mbichi wa mti ule ule. Ulipoletwa, Kulthum alilishika kopo bila kuambiwa.

"Papa karudi!" Musab alimkaribisha darasani.

"Ni mimi," Kulthum alijibu, akakaa mahali pake. "Nalinda mlango wa dada yangu. Wewe wachekea nini?"

Musab aligeukia daftari lake.

Mwaka uliofuata ubao ulikuwa umekauka bila ufa hata mmoja, na ubawa mpya ukachongwa. Siku ya kuutia mlango, baba alimwachia Kulthum aufunge kwa mara ya kwanza. Ulizunguka taratibu, mzito, usitoe mlio.

"Mwanangu," Fundi Abdulwahid alisema, mkono begani mwake, "kuacha kwako kupaka mafuta kuliniharibia ubao mmoja tu. Kule kuficha kungeniulia watu. Ukikosa, sema mapema, hata kama midomo yote ya Lamu itakucheka. Kicheko hakimwangukii mtu kichwani. Mlango humwangukia."