Watatu Waliokosekana kwenye Orodha

Kila siku kengele ya kutoka ilipolia, Chiriku alitundika begi begani, akamshika mkono mdogo wake, na wote wawili wakavuka barabara hadi kituo cha afya, ambako shangazi yao alikuwa karani wa kumbukumbu. Mama alichelewa kutoka kiwandani, kwa hiyo shangazi ndiye aliyekaa nao mpaka saa kumi na mbili. Chumba chake kilikuwa nyuma ya dirisha la kupokelea wagonjwa. Ndani mlikuwa na meza mbili, kompyuta moja, feni iliyogeuza shingo kwa kusuasua, na makabati ya chuma yaliyojaa mafaili ya zamani.

Chiriku halikuwa jina lake halisi. Alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Mdogo wake, mwenye miaka minane, walimwita Bosi, kwa kuwa hakuitika mpaka aitwe mara tatu, na hata hapo aligeuka taratibu na kuuliza, "Eh?" kama mtu aliyesumbuliwa ofisini kwake. Nyumbani walicheka. Mwalimu wake hakucheka. Mara kwa mara alimsimamisha nyuma ya darasa kwa kosa la kutosikiliza.

Mwaka huo shangazi alikuwa anamfundisha Chiriku kuitumia kompyuta kwa kazi ya kweli. Wauguzi walikuwa wamepita shuleni kuwapima wanafunzi masikio, na fomu zote zikaletwa kituoni. Chiriku aliomba asaidie kuziingiza, shangazi akakubali, mradi amalize kazi zake za shule kwanza.

Kumbukumbu zilikaa katika majedwali mawili. Moja liliitwa watoto, na kila mtoto wa shule alikuwa na mstari wake mmoja: namba, jina na darasa. La pili liliitwa vipimo, na humo kila sikio lililopimwa lilikuwa na mstari wake: namba ya mtoto, sikio la kulia au la kushoto, na sauti ndogo kabisa aliyoweza kuisikia. Jina halikurudiwa huko. Ilirudiwa namba tu.

"Namba ndiyo inayoyafunga pamoja majedwali haya," shangazi alimweleza. "Ukiandika JOIN, kompyuta inamchukua kila mtoto, inamtafutia mistari yenye namba yake kwenye vipimo, inaiunganisha. Ukiandika GROUP BY, inakusanya mistari ya kila mtoto kwenye fungu lake. Na ukiandika COUNT, inakuhesabia vilivyomo ndani ya kila fungu."

Chiriku alilipenda somo hilo kuliko masomo mengine yote. Aliingiza watoto mia tatu na kumi na wanane kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaingiza vipimo, fomu baada ya fomu, kwa siku tisa.

Siku ya Alhamisi kazi ilikwisha. Kilichobaki ilikuwa ripoti ya kumpelekea mwalimu mkuu. Shangazi alikuwa amempa sharti moja tu: kabla ya kuandika lolote, ahakikishe kwamba idadi ya watoto kwenye majibu ni sawa na idadi ya watoto kwenye jedwali la kwanza. Chiriku aliandika amri yake, akabonyeza, na orodha ikamwagika kwenye kioo. Kila mtoto alikuwa na vipimo viwili, masikio mawili. Ilipendeza macho. Chini kabisa kompyuta iliandika: mistari 315.

Aliona. Alijua vizuri kwamba watoto walikuwa mia tatu na kumi na wanane. Lakini wenzake walikuwa wameshaanza mpira wa pete, na sauti zao zilimfikia pale alipokaa. Alijiambia kwamba watatu si kitu, huenda walihama. Akaandika kwenye ripoti: "Watoto wote 318 wamepimwa masikio yote mawili. Kumi na mmoja wanahitaji kuonwa na daktari. Waliobaki wanasikia vizuri."

Dirishani kulikuwa na foleni ya wagonjwa. Shangazi aligeuza kichwa akamuuliza kama hesabu zimelingana.

"Zimelingana, shangazi," Chiriku alisema.

Shangazi akasaini, akarudi kwa wagonjwa wake. Chiriku akakimbilia uwanjani.

Jumatatu mwalimu mkuu alisoma ripoti mbele ya shule nzima. Wazazi wa wale kumi na mmoja walipelekewa barua. Nyumbani kwa kina Chiriku haikuja barua yoyote. Kumbe baba, fundi seremala asiyesema mengi, alikuwa ameisubiri barua hiyo kimyakimya, kwa kuwa moyoni alishaanza kuwa na wasiwasi na mwanawe. Ilipokosekana, alishusha pumzi. Kisha akakasirika. Alisema kwamba sasa imejulikana, masikio ya mtoto ni mazima, na kinachomsumbua ni ukaidi mtupu. Akaufungia mpira wa Bosi kabatini kwa wiki mbili. Bosi alisimama akimtazama baba yake mdomoni, na alipomaliza, alimgeukia dada yake kumuuliza kwa macho kilichosemwa.

Wale watatu walimpitia Chiriku kichwani usiku huo, mara moja tu. Akajigeuza upande wa pili, akalala.

Jumatano, wakati wa mapumziko, lori la mchanga liliingia shuleni. Palikuwa panajengwa vyoo vipya, na lori lilipaswa kurudi nyuma mpaka kwenye rundo la matofali. Dereva alipiga honi ndefu. Wanafunzi wote waliokuwa njiani walitawanyika. Mmoja alibaki amechuchumaa, mgongo wake umelielekea lori, akiokota gololi zake mchangani.

Chiriku alikuwa mbali, karibu na bomba. Aliita jina la mdogo wake, jina halisi, kwa nguvu zake zote. Hakugeuka. Aliita tena. Lori liliendelea kurudi, honi inalia, na Bosi alinyoosha mkono kufuata gololi iliyobingirika. Chiriku alikimbia, lakini hangemfikia kwa wakati. Ni fundi mwashi aliyetupa mwiko wake, akaruka, akamnyakua mtoto kwapani kama gunia. Gurudumu lilipita juu ya gololi.

Dereva aliteremka, akakaa chini pale pale. Fundi mwashi alimshika Bosi mabega akimuuliza kwa hasira kama ana kichaa, haisikii honi? Bosi alimtazama usoni, akatazama lori, kisha akamtazama dada yake aliyekuwa amefika akihema.

"Dada," alisema, "gari hili limekuja bila kelele."

Honi ile ilikuwa imesikika hadi sokoni. Chiriku alimwangalia mdogo wake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza: namna anavyotazama midomo ya watu, namna anavyochelewa kucheka mpaka wengine wacheke. Miaka yote hiyo walimwita Bosi, wakacheka.

Jioni ile hakusubiri kuulizwa. Aliingia chumbani kwa shangazi, akasahau hata kumwamkia, akasema yote akiwa amesimama: mia tatu na kumi na tano, mpira wa pete, uongo wake. Shangazi alikuwa anakunywa maji. Aliweka glasi mezani taratibu, akaiwasha kompyuta. Chiriku angependa agombezwe.

"Kaa," shangazi alisema. "Tuwatafute."

Alimweleza kwamba JOIN aliyoitumia huleta tu wale wenye mistari pande zote mbili. Mtoto asiye na kipimo hata kimoja hapati wa kuunganishwa naye, kwa hiyo huachwa nje, na kompyuta haisemi kwamba imemwacha. Ukitaka watoto wote waje, mwenye vipimo na asiye navyo, unaandika LEFT JOIN, ukianza na jedwali la watoto.

Chiriku aliandika upya amri yake. Safari hii mistari ilikuwa 318. Akapanga wenye vipimo vichache waje juu, na watoto watatu wakajitokeza, kila mmoja akiwa na kipimo 1. Jina la pili lilikuwa la mdogo wake.

Pamoja na mshtuko, alipata nafuu kidogo. Alisema kwamba angalau Bosi alipimwa sikio moja.

Shangazi alisogeza kiti, akaitazama amri kwa makini. Akatikisa kichwa. "Umehesabu mistari, mwanangu, hujahesabu vipimo. Asiye na kipimo bado anabaki na mstari wake mmoja, upande wa pili mtupu. Na huo mtupu umeuhesabu. Iambie ihesabu namba iliyotoka kwenye vipimo."

Chiriku alirekebisha neno moja, akabonyeza. Zile moja tatu zikageuka sufuri tatu. Alishika mdomo wake kwa mikono miwili. Mdogo wake hakuwa amepimwa kabisa, na yeye, dada yake, alikuwa ameandika kwamba anasikia vizuri.

Shangazi alimwita muuguzi aliyesimamia upimaji. Muuguzi alikuja na bahasha, akatoa fomu tatu zisizojazwa. Alikumbuka vizuri siku ile. Alisema kwamba alisimama mlangoni pa darasa akiwaita watoto kwa majina, mmoja mmoja, kila jina mara tatu. Asiyeitika alimhesabu kuwa hakuja shule, akaweka fomu yake kando ili amfuatilie baadaye. Ripoti ilipotoka ikisema wote wamepimwa, alidhani mwenzake amewamalizia.

Alipofika hapo, alikatiza maneno yake mwenyewe. Akatazamana na shangazi. Wote watatu walielewa kwa pamoja.

"Tumekuja kuwatafuta wasiosikia," muuguzi alisema kwa sauti ndogo, "na tumewaita kwa mdomo."

Alijikalisha kwenye kiti cha wagonjwa. Bosi alikuwa kwenye kibaraza, nje ya mlango ulio wazi, akichora lori kwenye vumbi. Muuguzi alimwita kwa jina mara tatu. Hakugeuka.

Alipimwa jioni ile ile. Kesho yake daktari aliona maji mazito yaliyojikusanya nyuma ya ngoma za masikio yake yote mawili. Alisema ni tatizo linalowapata watoto wengi na linatibika, ila lisingefaa kuachwa zaidi. Mwingine katika wale watatu alikuwa kweli amehama. Wa tatu, msichana wa darasa la nne, sikio lake la kushoto, lililoelekea mlangoni siku ile ya upimaji, lilikuwa halisikii kabisa, na hakuna aliyejua, hata mama yake.

Baba alipoambiwa, aliutoa mpira kabatini, akauweka mapajani kwa Bosi, kisha akatoka nje akakaa peke yake muda mrefu. Hakumfokea Chiriku. Alimwambia tu kwamba shule nzima ilisomewa uongo wake, kwa hiyo shule nzima isikie ukweli, na kutoka kwake.

Jumatatu iliyofuata Chiriku, ambaye siku zote maneno yalimtoka kama maji, alisimama mbele ya wanafunzi akitafuta neno la kwanza. Alisema aliona mia tatu na kumi na tano, akaandika mia tatu na kumi na wanane, kwa sababu alitaka kwenda kucheza. Alisema mmoja wa wale watatu nusura akanyagwe na lori. Mwalimu wa Bosi, aliyekuwa amemsimamisha mtoto yule nyuma ya darasa mara zisizo na idadi, aliinamisha kichwa. Siku hiyo hiyo alimhamishia dawati la mbele.

Baada ya hapo Chiriku alikwenda kwa shangazi, akamwamkia kwa adabu, akabaki mlangoni. Alisema kwamba ataelewa ikiwa hataruhusiwa tena kugusa kompyuta.

Shangazi alimvutia kiti. Alisema kwamba na yeye ana lake la kujibu, maana alisaini karatasi bila kuhesabu, na kosa hilo ameshalieleza kwa mganga mkuu.

"Lakini nisikilize," alisema. "Kompyuta haikukudanganya. Ilikuonyesha mia tatu na kumi na tano, ikakuachia wewe useme kweli. Hesabu ikikataa kulingana, hata kwa mtu mmoja, ujue kuna mtu mahali fulani ambaye hatujamwona. Usimfunike. Sema, 'Watatu siwaoni,' na watu wazima tutaondoka kwenda kuwatafuta. Kusema hivyo hakukupunguzii kitu. Kunyamaza ndiko kulikotaka kutuulia mtoto."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kwenye meza palikuwa na rundo la fomu mpya, za watoto wa shule nyingine, na shangazi alizisogeza katikati yao. Chiriku alichukua ya kwanza. Kabla ya kuandika jina lolote, alizihesabu zote, kisha akamwomba shangazi azihesabu tena.