Bougainvillée kwenye Ukuta wa Kasonia

Walikutana katika soko la Butembo mwaka 2001, asubuhi ya matope na kelele. Kasonia, mwashi mwenye mabega mapana na suruali iliyojaa saruji, alikuwa anachagua miche kwenye beseni la Jokébed, binti wa mji wa Beni aliyevaa kitenge cha njano kilichomkaa vizuri kweli.

“Papa, unashika mauwa yangu sawa mawe!”

“Basi unifundishe, mama.”

Akamfundisha. Miezi minane baadaye Kasonia alikuwa anajenga mlimani nyumba ambayo wangeishi wakishaoana. Chini ya bustani alisimamisha ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, mrefu kumpita mwenyewe. Mawe yale matupu yalimuudhi. Alitaka mimea ya kuning'inia iyafunike.

“Chérie, tupande bougainvillée huku juu, ishuke yote. Batu bakipita barabarani baseme, iyi ni nyumba ya Jokébed.”

“Hapana. Weka matembele.”

“Majani ya viazi? Kwa ukuta wangu? Ao tuweke mauwa ya capucine basi, ile ya orange.”

“Hapana mauwa, Kasonia!”

Kasonia alichemka. Mwanaume anavunja mgongo kubeba mawe, halafu mwanamke anataka kuyavalisha mboga! Akamwambia Jokébed wazi kwamba anaionea haya nyumba anayojengewa. Jokébed, badala ya kueleza, alifunga mzigo wake akarudi Beni siku ileile. Wakaidi wawili, nakwambia.

Wakati ule watu wa mji mmoja na mwingine walizungumza kwa phonie, redio ambayo kila aliyesubiri zamu yake alisikia mambo yako yote; ukimaliza kusema unatamka “À vous”, yaani zamu yako, na kufunga mazungumzo ni “Terminé”.

“Jokébed, bougainvillée nimeshaipanda. À vous.”

“Ng'oa. À vous.”

“Donc mimi ni mutumwa wako? À vous!”

“Basi uoe iyo bougainvillée! Terminé!”

Watu walicheka mpaka machozi. Kasonia alitoka pale amefura, na kesho yake akashika njia ya Beni ili wagombane uso kwa uso.

Huko akamuuliza fundi baiskeli mmoja, Abdias, ilipo nyumba ya baba yake Jokébed.

“Ni ile ya mauwa. Lakini hawako tena mule, miezi mingi sasa.”

Bougainvillée ya waridi ilishuka ukutani mpaka chini, nzuri ya kumsimamisha mpita njia. Juu yake zilianikwa nguo za askari.

“Basoda balipita, bakaona nyumba inapendeza na yale mauwa, bakasema ni ya commandant wao,” Abdias alisema. “Muzee balimupatia saa moja ya kutoka.”

Abdias akamwelekeza kwa familia, iliyokuwa imepanga chumba kimoja nyuma ya kanisa. Jokébed alikuwa mlangoni akichambua maharagwe, na hakuinuka.

“Nimeona nyumba ya papa yako,” Kasonia alisema. “Juu ya nini? Sababu gani haukuniambia?”

“Nilikuambia hapana! Mara ngapi? Mpaka ufunge safari, ukaangalie aibu yetu na macho yako, ndiyo uamini?”

Hasira ya Kasonia ikamgeukia mwenyewe. Alitamani kurudi Butembo usiku uleule, aikate bougainvillée yake kwa panga.

“Nitaing'oa yote. Tutapanda matembele. Olewa na mimi, Jokébed.”

Jokébed aliusukuma ungo pembeni. Macho yalikuwa mekundu, na hasira haijamtoka.

“Nitaolewa na wewe. Lakini siku nitakuambia tukimbie, hapana kuniuliza juu ya nini. Utakamata batoto tutakaozaa, na tutaenda.”