Mashine Moja, Mikono Kumi na Mmoja

Kule Kirua Vunjo, Anyesi alianza kila siku na ng'ombe. Alimkatia majani, akamkamua, kisha akarudi jikoni kuchemsha kahawa. Mumewe Mathayo alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi la uani, akimngoja na kitendawili. Miaka arobaini na miwili ya ndoa ilikwenda hivyo. Anyesi akishindwa alimpa mji, kama desturi ilivyo. Hapo Mathayo alitoa jibu na kulicheka yeye mwenyewe kuliko mtu yeyote.

Mathayo alikuwa na presha. Alikuwa akimeza vidonge kwa miaka sita. Mwaka huo mtoto wao Amon, anayefanya kazi Dar es Salaam, aliwaletea mashine ya kupimia nyumbani. Ukifunga mkanda wake mkononi na kubonyeza, namba zinaingia zenyewe kwenye simu, na kutoka kwenye simu zinafika zahanati. Huko kompyuta inazikusanya, inatafuta wastani wa wiki na kuchora mstari. Mstari ukipanda, muuguzi Gladness anapata taarifa. Ukitulia, simu ya Mathayo inaletewa ujumbe: Presha yako iko vizuri. Endelea hivyo.

"Kitendawili," Mathayo alisema asubuhi ya kwanza.

"Tega."

"Hunikumbatia, hunibana, kisha hupeleka habari zangu kwa watu."

"Huyo ni Mektrida," Anyesi akajibu.

Jirani yao Mektrida alikuwa ndiyo kwanza anaingia na kidumu chake cha maziwa. "Habari zako napeleka, shemeji, sikatai," alisema. "Lakini kukukumbatia, bado." Wakacheka wote watatu. Kisha Mektrida akautoa mkono wake, akaomba naye apimwe.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na hakuna aliyejua. Kwa watu wa kule, kitu kikiingia nyumbani na jirani akakiona, kumnyima ni aibu kubwa. Basi kila Jumapili baada ya ibada watu walipitia kwa Mathayo. Wasichana wa kwaya walikaa kwenye benchi, mikono ya magauni wameikunja tayari. Mathayo mwenyewe aliwafunga mkanda mmoja mmoja, akiwatania. Siku nyingine alichoka, asijipime kabisa. Namba zote zilikwenda zahanati kwa jina lake.

Ujumbe ulizidi kuja: uko vizuri, endelea. Mathayo akaanza kuruka vidonge, leo na kesho, mwishowe akaacha. Alimwambia mkewe kwamba simu yenyewe imesema amepona. Anyesi alisita kidogo, lakini naye alifurahi, hakumkataza.

Jumanne moja kikombe cha kahawa kilimponyoka Mathayo. Akafungua mdomo, ikatoka sauti isiyo na maneno. Anyesi alidhani anamwigizia kitendawili kipya. Alisimama na birika mkononi, akingoja kucheka. Kisha akaona mdomo umepinda upande mmoja, na kahawa inatiririka kidevuni.

Jirani mwenye gari, Fredy, aliwashusha Moshi hospitalini. Daktari alisema ni kiharusi. Alisema wamefanya vizuri kuja mara moja, kwa kuwa mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakipotea, hakuna kungoja hata kidogo.

Baada ya wiki tatu Mathayo alirudi nyumbani. Upande wa kulia ulikuwa umelala, na maneno hayakurudi naye. Anyesi alimlisha mtori, supu nzito ya ndizi, kwa kijiko. Asubuhi zikawa kimya.

Gladness alikuja kuwaona. Baada ya shikamoo na marahaba, Anyesi alimuuliza lile lililomkaba siku zote.

"Mwanangu, kwa nini simu ilituambia yuko vizuri?"

Gladness aliuliza kama kuna mtu mwingine aliyepimwa na mashine ile. Anyesi akahesabu majina kwa vidole. Vidole vikaisha. Ukimjumlisha Mathayo, walikuwa kumi na mmoja.

Muuguzi akainamisha kichwa. "Mama, ukimimina maziwa ya ng'ombe mmoja mgonjwa kwenye ndoo ya ng'ombe kumi wazima, utaona nini?"

"Nitaona maziwa."

"Kompyuta nayo iliona hivyo. Haimjui mtu kwa sura. Inajua namba, na jina lililoandikwa juu ya namba. Na mimi nilitazama mstari. Sikuja kumtazama baba."

Alieleza pia kwamba namba zikiwa nzuri, huenda ni kwa kuwa vidonge vinafanya kazi. Haviachwi mpaka daktari aseme.

Siku hiyo walifuta namba za zamani, wakaanza upya. Mathayo apimwe peke yake, asubuhi na jioni, kabla ya kahawa na kabla ya vidonge. Kwanza akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wa kushoto ulio mzima juu ya meza. Na wakati mashine inabana, mtu asiongee. Majirani wangepimwa kila Alhamisi zahanati, kila mmoja kwa jina lake.

Kuwaambia majirani ndiko kulikomtesa Anyesi. Mektrida alikasirika, wiki nzima hakukanyaga pale. Alhamisi ya pili alikwenda zahanati, akakuta presha yake iko juu, akaanzishiwa dawa. Jioni alileta ndizi za mtori, akaziweka mlangoni, akamshika Anyesi bega.

Mwezi wa pili tangu Mathayo arudi nyumbani, mstari wake ulianza kupanda, siku nne mfululizo. Yeye mwenyewe hakuonyesha dalili yoyote. Kabla ya saa sita mchana Gladness alipiga simu, na kesho yake daktari akabadilisha dawa. Baada ya wiki mbili mstari ulishuka. Mara hii namba zilikuwa zake.

Lakini mkono wa kulia haukuamka. Anyesi aliacha kuutazama.

Asubuhi moja alikuwa akifungua mkanda wa mashine mezani aliposikia sauti nzito, inajikokota.

"Ki... tendawili."

Mikono yake ikasimama. "Tega, Baba Amon."

"Nyumba... moja. Upande... umelala. Upande... macho."

Jibu alilijua kabla hajamaliza.

"Nimeshindwa," alisema. "Chukua mji. Nakupa Moshi."

Mathayo alivuta pumzi. "Nimekwenda... Moshi. Nimerudi." Nusu ya mdomo wake ikacheka. "Jibu... mimi."

Alitaka kuendelea. Miezi mitatu Anyesi alikuwa akiomba asikie sauti ile. Akamfunga mkanda mkono wa kushoto, akamwekea kidole midomoni.

"Sasa nyamaza, mume wangu. Tunapima."