Muhogo Mgumu

Kila alipotoka shule, Febby alivua sare na kuteremka kwenye dimbwi nyuma ya nyumba yao, huko Nchelenge, Zambia, kuangalia muhogo uliolowekwa. Ukishalainika, yeye na mama yake, Bwalya, waliumenya na kuuanika. Kazi hiyo Febby aliichukia. Kiangazi kilichopita kila ua ulijaa muhogo mkavu, na Léonie, mchuuzi aliyevuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa ya upande wa Kongo, akanunua kwa bei ya kutupa. Febby aliona wameibiwa mchana kweupe.

Sasa, mwanzoni mwa 1998, mvua ilinyesha mfululizo. Wachache tu waliweza kukausha muhogo, na bei ikapanda mara mbili. Lakini gunia la mama lilijaa nusu tu, na boti la Léonie lingeondoka kesho yake.

Safari hii nitamkomoa, Febby alijiambia. Mama alipokwenda mazoezi ya kwaya, Febby alitoa muhogo uliolala majini usiku mmoja tu, badala ya mitatu au minne. Akaukata vipande vyembamba, akaukausha juu ya moto na kujazia gunia.

Asubuhi, ufukweni, Léonie alichukua kipande akajaribu kukivunja. Kilikataa. Akakionja, akatema.

"Mama Febby, unataka kuua batu?" alifoka. "Hii muhogo haikulala mu maji siku za kutosha, iko na sumu. Mutoto wa dada yangu alikula ya namna hii. Leo hatembei, miguu imekufa."

Bwalya alimgeukia bintiye kwa hasira. "Ni wewe?"

"Ni mimi," Febby alijibu, naye amefura. "Yeye alitupunja kiangazi."

"Nani aliyekupunja? Kiangazi jua lilikuwa la wote, kila mtu akauza, bei ikashuka. Leo mvua imewakwamisha wengi, ndiyo maana bei imepanda. Léonie ndiye aliyeleta mvua?"

Akamwaga gunia lote mkekani. Febby alivunja kipande kimoja kimoja, wanawake wakimtazama na kunong'ona. Vilivyokataa kuvunjika vilifukiwa shimoni. Machozi yalimtoka, kwanza ya hasira, kisha ya aibu. Léonie alionja tena na tena, mwishowe akanunua nusu gunia iliyobaki, kwa bei ile ile nzuri.

Boti lilipoondoka, Bwalya alisema, bado amekunja uso, "Bei itapanda na kushuka, hilo hatuliwezi. Kungoja muhogo ulainike tunaweza. Mtoto wa Kilwa haulizi umenunuliwa bei gani. Anawekewa sahani, anakula."