Kikadi Chini ya Waipa

Walikutana kwenye duka la vipuri siku ya Jumamosi, saa ambayo kila mwenye gari bovu huwa amekumbuka kuwa ana gari bovu. Mkunga alikuwa bado na sare yake nyeupe ya zahanati, mkononi ameshika pedi za breki alizopewa na muuzaji. Nyuma yake kwenye foleni alisimama fundi saa, shati limenyooshwa pasi mpaka mifukoni.

"Dada, gari lako linapiga kelele mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Basi hizo ni za mbele. Ukizifikisha nyumbani mtatazamana tu."

Muuzaji alinuna akizibadilisha, Mkunga akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza fundi. Alijitolea kumbadilishia pedi mwenyewe Jumapili. Lakini kila Jumapili iliishia kwenye matembezi, na pedi zikakaa kwenye buti wiki tatu. Mkunga alimbatiza jina la Sekunde kwa kuwa hakuwahi kuchelewa miadi.

Sekunde alikuwa na mtindo wake wa kazi. Saa yoyote aliyoiacha katikati aliifungia kikadi chenye uzi, ameandika: "Kilichobaki", na chini yake kazi ambayo haijaisha. Alipompenda Mkunga akaanza kuvibana vikadi kama hivyo chini ya waipa ya gari lake. *Kilichobaki: kusikia sauti yako.* Mkunga akampigia simu kumchokoza.

"Sekunde, kwani mimi saa mbovu?"

"Saa mbovu naimaliza kwa siku moja, mpenzi. Wewe sina haraka ya kukumaliza."

Jumapili ya nne kazi ikafanyika kweli, uani kwa mama yake Mkunga. Sekunde alipiga jeki, akavua magurudumu ya nyuma, akatoa pedi zilizolika mpaka kubaki nyembamba kama kucha. Pistoni za nyuma za gari lile, vyuma vinavyosukuma pedi, hazirudishwi kwa kusukumwa, huzungushwa, na kwa mikono iliyozoea saa alizizungusha taratibu zikarudi ndani, pedi mpya zikapata nafasi. Alirudisha magurudumu, akashusha jeki. Ikabaki kazi moja: kukanyaga pedali mara nyingi hadi pistoni zitoke zizikute pedi. Bila hivyo pedali huzama mpaka chini na gari halishiki breki.

Hapo simu yake ikaita. Sauti ya mwanamke ilisikika mpaka alipokuwa Mkunga: "Njoo haraka, ametoka tena."

Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Mkunga akauliza ni nani, Sekunde akajibu kwamba atamweleza baadaye. Mkunga akaingia ndani na kuubamiza mlango. Sekunde aliandika kikadi, akakibana chini ya waipa, akakimbia na mafuta mikononi.

Mwanamke yule alikuwa jirani tu. Aliyetoka ni baba yake Sekunde, mzee aliyeanza kupotewa na kumbukumbu, akiachwa kidogo anaondoka asijue njia ya kurudi. Sekunde aliificha habari hiyo akihofu kwamba hakuna mwanamke ambaye angeutaka mzigo huo. Hakuwahi kumuuliza Mkunga. Wanaume wengine hujijibia wenyewe, kisha huumia kwa majibu yao.

Nusu saa baadaye zahanati ikamwita Mkunga. Mjamzito mmoja alikuwa na hali mbaya. Mama yake Mkunga akaomba lifti. Mkunga alikiona kikadi, akakichomoa bila kukisoma. "Leo mapenzi yake ayasome mwenyewe," alisema, akakitupa kwenye droo ya dashibodi.

Nje ya geti mtaa unateremka. Alipokanyaga breki, mguu ulikwenda mpaka chini. Alivuta breki ya mkono akiwa amechelewa, na gari likaingia kwenye ukuta wa karakana ya mbao. Yeye alichubuka paji la uso. Mama yake alivunjika nyonga.

Sekunde alifika hospitali akihema. Mkunga alikuwa ukumbini, sare ina damu.

"Uliniachia gari halina breki. Hukuniambia kitu."

Sekunde alikumbuka kuwa ameandika kikadi. Lakini asubuhi ile ile baba yake naye aliapa kwamba amefunga mlango, na mlango ulikuwa wazi.

"Basi nilisahau," alisema. "Nisamehe."

Hakurudi tena. Alipiga simu mara moja tu, usiku ule, akamweleza habari za baba yake. "Ugonjwa huu umeanza kwangu pia, mpenzi. Leo umemvunja mama. Sitaki kesho ukuue wewe. Usinisubiri."

Alifunga kibanda, akawarudishia watu saa zao. Mkunga alipiga simu siku kumi na moja, haikupokelewa. Hasira ilikuwa imemwisha zamani. Kilichobaki kilikuwa woga tu. Alimwosha mama yake, akazalisha watoto wa watu, akirudi chumbani analia mpaka usingizi umchukue. Mama alimwambia nyonga itaunga, amtafute mwenzake. Alikwenda nyumbani kwa Sekunde mara mbili, akakuta mlango umefungwa na hakuna anayeitika.

Siku ya kumi na mbili, gereji lilikopelekwa gari ikamtaka aondoe vitu vyake garini. Alifungua droo, uzi ukamnasa kidole. Kikadi kilikuwa na alama ya dole gumba la mafuta.

*Kilichobaki: kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Usitoke kabla. Ni baba yangu, nitakueleza yote.*

Alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya gereji. Kisha akaenda.

Safari hii aligonga mpaka mlango ukafunguliwa. Kuta za ndani zilijaa karatasi: zima jiko, funga mlango, leo ni Ijumaa. Sekunde alikuwa ameota ndevu. Nyuma yake mzee alikaa kitini.

Mkunga alimpa kikadi. Sekunde alikisoma, akakisoma tena.

"Hukusahau," Mkunga alisema. "Mimi ndiye sikusoma. Mama nimemvunja mimi."

Sekunde alilia kwa sauti. Mkunga akamshika kichwa kwa mikono miwili, naye analia, akimwomba msamaha.

"Huyu ni nani?" mzee akauliza.

Sekunde alimtazama Mkunga machoni, akauliza bila kusema. Mkunga akaitikia kwa kichwa.

"Mchumba wangu, baba."

"Ulishaniambia?"

"Ndiyo kwanza nakuambia."

"Basi niandikieni," mzee alisema, "nisije nikamfukuza kesho."

Mkunga akakigeuza kikadi, akaomba kalamu.