Sinia la Nyuma ya Friji

Kama unakula, maliza kwanza ndipo usome, maana mimi mwenyewe tangu nipate habari hizi mtindi siugusi tena.

Nyumba yenyewe haikuwa chafu. Baba mtoto alikuwa dereva wa lori, kutwa yuko njiani. Mkewe alikuwa mshonaji kiwandani, amerudi kazini mtoto akiwa bado mchanga. Na mama mkwe alikuja kulea mjukuu. Kila asubuhi mama mtoto alikamua maziwa yake, akayatia kwenye chupa, akaipanga chupa ndani ya friji, akaenda zake roho ikiwa imetulia. Basi siku moja mama mkwe akaifungua ile chupa, akaisogeza puani, akaiweka mbali haraka.

"Mwanangu," alimwambia jioni, "haya maziwa yako yana nini? Mjukuu wangu kayatema."

Yalikuwa yanavutika kama kamasi. Akakamua mengine, yakaharibika vilevile. Friji nalo likaanza kunuka, si uvundo wa nyama wala wa samaki, ni ile harufu ya maziwa aliyocheua mtoto yakamkaukia kwenye mikunjo ya shingo, ila nzito zaidi, vuguvugu, inakung'ang'ania kooni. Alisugua rafu, akapitisha ndimu, akapitisha magadi. Wapi! Mtoto akakonda. Hata titi lenyewe akawa analikataa, analilamba kidogo kisha anakunja uso. Mbavu zikaanza kuonekana, na mama yake akawa anashona huku machozi yanadondokea kwenye kola za watu.

Mchana wa siku ya mapumziko akaitwa fundi wa friji. Mtaani walimwita Gesi, kwa sababu friji lolote utakalompa, hata lenye kosa la plagi tu, yeye atakwambia gesi imeisha. Siku hiyo alipima, akabonyeza mpira wa mlango, akaitegea mota sikio, akajikuna.

"Shemeji, gesi ipo," alisema kwa huzuni. "Friji zima kuliko mimi."

Akalivuta kutoka ukutani, akainama nyuma yake. Harufu ikamrudisha kinyumenyume.

"Hili sinia mmewahi kuliosha?"

"Sinia gani?"

Akamweleza. Barafu ya ndani ikiyeyuka, maji yanashuka kwenye kile kitundu cha nyuma mle ndani, yanaingia kwenye sinia la plastiki lililokaa juu ya mota, na joto la mota linayakausha. Mafriji mengi yanalo na wenye nyumba hawalijui. "Lakini yanayoshuka ni maji," alisema. "Maji hayanuki hivi."

Mama mtoto akafungua mlango wa friji, akakitazama kile kitundu. "Mabaki ya chupa nilikuwa nayamimina kwenye kile kitundu," alisema. "Maziwa yangu kuyamwaga kwenye sinki na masizi ya masufuria, roho iliniuma. Nilidhani yanakwenda nje."

"Yalikuwa yanakuja hapa. Kwenye joto."

Gesi akawasha tochi. Sinia lilikuwa limejaa utando wa manjano, mnene kama ngozi ya kisigino, umeota vinyweleo laini kama vya utosi wa mtoto, na katikati palikuwa na tundu dogo lenye kingo nyekundu, limelowa. Naye, kwa kuwa mkono wa fundi hautulii, akaligusa kwa ncha ya bisibisi, na lile tundu likaibana bisibisi, likaanza kuifyonza, fyo, fyo, fyo, utando mzima ukipanda na kushuka, kitu kama usaha kikichuruzika pembeni, mpaka mpini ukamponyoka mkononi, na chumbani mtoto alipoanza kulia kwa njaa, kile kilichokuwa juu ya mota nacho kikalia, sauti ileile, ila ya kwake ilikuwa na majimaji ndani.

Gesi alitapika palepale jikoni. "Mimi natengeneza friji," alinong'ona, akijifuta mdomo. "Hilo si friji." Akaondoka, bisibisi akaiacha.

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mnene mwenye mafua, na mafua ndiyo yaliyomsaidia. Alichuchumaa nyuma ya friji, akafukiza ubani, akanong'ona, akasikiliza. Aliporudi sebuleni alimtazama mama mtoto peke yake.

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Na uliowanyonyesha?"

Mama mtoto akageuka kuangalia upande wa jikoni.

"Ni jini mchanga," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anapita tu akitafuta joto, ukampa maziwa. Jini mgeni namfukuza, ndiyo kazi yangu. Huyu amenyonya kwako, na aliyenyonya kwako ni wako. Kila nikimwambia atoke, ananiuliza aende kwa mama gani."

"Mtoe hivyohivyo," mama mkwe alinong'ona.

"Kwenye friji nitamtoa. Lakini maziwa ni ya wote wawili. Asipopata fungu lake, na mwenzake hatapata."

Sinia likafukiwa mbali, friji likaoshwa kwa maji ya moto, harufu ikakatika kabisa. Mama mkwe akamshukuru Mungu. Mama mtoto akaketi kitandani, akampakata mwanawe, akampa titi la kulia. Mtoto akavuta kwa nguvu, moyo wa mama yake ukafunguka, kisha akasita, akakunja uso, akatema. Uzi mzito wa manjano ukabaki shavuni, na ile harufu ikajaa chumba.

Aliziangalia zile mbavu. Kisha kwa mkono wake mwenyewe akafungua kifungo cha kushoto, akajifunika mtandio, akageuzia uso ukutani.

Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu kitanda kikabonyea kidogo upande ule, na fizi zisizo na meno, vuguvugu, zenye utelezi, zikamtafutatafuta kifuani, zikapata, zikashika, na kitu chenye vinyweleo vilivyolowa kikajilaza kwenye mkono wake, kikaanza kufyonza, fyo, fyo, fyo, kikiunguruma kwa chini kama mota, naye akauma ncha ya mtandio asipige kelele, huku upande wa kulia mwanawe akilirudia titi, akivuta, akimeza, akivuta tena, maziwa yakimjaa mdomoni mpaka yanamwagika, meupe, hayanuki chochote.

"Ameshiba?" mama mkwe aliuliza mlangoni, uso umemchangamka.

"Huyu ameshiba, mama," alijibu, na mtandio ulikuwa bado unapanda na kushuka.