Viatu Vilivyopanuliwa Mara Tatu

Jamani, sikilizeni, na msinitolee macho, maana wengine wenu mlikuwepo.

Fundi viatu wa mtaa wetu alipata mtoto wa kike. Nyumba ilitulia, nepi zikaanikwa, mama akanyonyesha huku akiimba. Siku ya tatu akasema viatu vinambana. Mumewe akalegeza mikanda. Siku ya tano vikabana tena, akalegeza. Siku ya saba akaviweka kwenye kalibu, ule mguu wake wa mbao, akavipanua mara ya tatu, tena akipiga mluzi. Mtu aliyepima miguu ya watu tangu ujana wake, asijiulize mguu wa mtu mzima unakua kwenda wapi!

"Kichwa kinanipasuka," mke alilalamika. "Na naona vimulimuli mchana kweupe."

Aliyejibu ni wifi yake, dada wa fundi. Tulimbandika jina la Daktari Mdomo, kwa kuwa hakuna ugonjwa asioujua wala darasa alilolimaliza.

"Deko hilo, wifi yangu. Mimi nimezaa wanne, na siku ya pili nafua mapazia."

Nesi alikuwa amewaonya walipotoka wodini: kichwa kikiuma au macho yakiona ukungu, mrudisheni upesi. Fundi alisikia vizuri. Ila mbele ya dada yake yule mwanamume hana ulimi, ana shingo ya kuitikia tu.

Siku ya nane asubuhi mama alianguka jikoni, akakakamaa, mwili mzima ukatetemeka. Hapo ndipo ninyi majirani mlipofungua baraza lenu mlangoni. Huyu amerogwa! Hapana, mashetani! Daktari Mdomo akamsokomeza kijiko mdomoni, akamvunja jino.

"Kifafa cha kwao hiki," akatangaza. "Kaka, ulioa bila kuuliza."

Mwenye akili alikuwa mmoja tu, dereva wa gari la taka. Aliwafukuza wote, akamlaza mgonjwa ubavu, kisha akamkimbiza hospitali kwa gari lake lile lile mnalolizibia pua.

Daktari wa kweli hakutangaza kitu. Alipima presha, ikawa juu sana. Akapima mkojo, sukari, malaria. Akauliza kama amewahi kuanguka hivyo; hajawahi.

"Kuvimba kulianza lini?"

"Siku ya tatu," fundi akajibu haraka. "Nililegeza tundu moja. Siku ya tano, mawili. Siku ya saba nikatia kalibu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kumbe ulikuwa unaona."



Kilikuwa kifafa cha uzazi, ambacho humpata mama hata baada ya kujifungua. Alichomwa sindano, akalala siku mbili bila kujitambua. Ya tatu akafumbua macho, akamwita mwanawe. Habari iliponifikia nililia, sioni haya kusema.

Aliporudi nyumbani, vile viatu vilimpwaya. Akavibwaga juu ya meza ya mumewe.

"Vitundike hapo, baba mtoto. Wateja wakuulize ni vya nani."

Vinaning'inia mpaka leo.

FUNZO

Kujifungua si mwisho wa hatari. Wiki sita zote ni za kuangalia. Kichwa kuuma vikali, macho kuona vimulimuli, uso na miguu kuvimba, maumivu chini ya mbavu: hospitali siku hiyo hiyo. Akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize. Chanzo hutafutwa kwa vipimo, si kwa midomo ya mawifi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini hawakuwahi kumwona mpumbavu anayeupanua ufa huku akipiga mluzi.